Kipimo cha DNA cha nyumbani au nasaba ya wazee: kipi kinajibu swali lipi la asili ya familia

Vifaa vya kupima DNA nyumbani huuzwa kwa ahadi moja, kwamba mtu atajua ametoka wapi, ilhali ndani ya kisanduku kimoja mna kazi tatu ambazo uaminifu wake haulingani hata kidogo. Ya kwanza ni kusoma vinasaba vyenyewe: kati ya herufi bilioni 3 hivi za vinasaba vya binadamu, maabara husoma alama zipatazo 600,000 hadi 700,000, na usomaji huo ni sahihi kwa zaidi ya asilimia 99. Ya pili ni kulinganisha vinasaba vya mteja na vya wateja wengine ili kuona nani ni ndugu wa nani. Ya tatu ni kuvikata vinasaba hivyo mafungu na kuyapa mafungu majina ya nchi, makabila au maeneo. Wanunuzi wengi huvutwa na kazi hii ya tatu, yenye ramani ya rangi na asilimia, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Ulinganisho huu umekusudiwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, au aliye ughaibuni mwenye asili ya huku, anayetaka kuamua anunue kipimo gani, au kama fedha hiyo ni bora iwe nauli ya kwenda kuzungumza na bibi yake angali hai.

Asilimia zinapatikanaje

Kampuni haina vinasaba vya mababu wa mteja. Ilicho nacho ni kundi la watu walio hai leo ambao inajulikana kuwa babu na bibi zao walitoka sehemu fulani, na jibu analopewa mteja ni kipimo cha jinsi anavyofanana na watu hao. Kundi likibadilika, jibu hubadilika pia. Mwaka 2018 kampuni ya AncestryDNA ilipanua kundi lake la marejeo kutoka watu 3,000 hivi hadi 16,000, na wateja ambao mate yao yalikuwa yaleyale wakajikuta wana asili tofauti na ile waliyokwisha kuwasimulia jamaa zao.

Mwaka 2019 shirika la utangazaji la Kanada, CBC, lilipeleka sampuli za mapacha wa kufanana kwa kampuni 5: AncestryDNA, 23andMe, MyHeritage, FamilyTreeDNA na Living DNA. Vinasaba vya mapacha hao vilikuwa karibu sawa kabisa, kama inavyotarajiwa, lakini 23andMe iliwapa majibu yaliyopishana kwa karibu asilimia 10 katika fungu la "Ulaya kwa ujumla", na FamilyTreeDNA ikawaona wote wawili kuwa na asilimia 14 hivi ya Mashariki ya Kati, sehemu ambayo kampuni nyingine 4 hazikuiona. Ikumbukwe kwamba hao ni watu wenye asili ya Ulaya, bara lenye marejeo mengi kuliko mabara yote katika hazina za kampuni hizi.

Kwa Afrika Mashariki mafungu ni mapana zaidi. 23andMe ina fungu moja la kusini mwa Afrika Mashariki linalofunika eneo kubwa lenye makabila mengi. MyHeritage kwa miaka mingi imekuwa na fungu la Kenya na jingine la Wamaasai, kana kwamba Wamaasai si wa Kenya na Tanzania zote mbili. Upana huo una sababu yake. Wasemaji wa lugha za Kibantu walisambaa kutoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni katika miaka 5,000 hivi iliyopita, muda ambao ni mfupi kwa vinasaba, na baada ya kufika huku wakaendelea kuoana kwa vizazi na vizazi. Tofauti kati ya Mdigo na Mbondei ipo katika lugha, mila na kumbukumbu za koo. Katika vinasaba ni ndogo kiasi kwamba kipimo cha aina hii hakiwezi kuitambua kwa uhakika. Anayenunua kifaa ili ajue kabila lake anatumia chombo kisichofaa kwa swali hilo, na maneno mazuri ya tangazo hayabadilishi jambo hilo.

Mfano wa familia moja ya Tanga

Tuchukue kijana wa Tanga, wa mfano tu, ambaye babu yake mzaa baba alitoka Shihr katika Hadhramaut, nchini Yemen, bibi yake mzaa baba ni Mdigo, babu yake mzaa mama ni Mngazija na bibi yake mzaa mama ni Mbondei. Familia kama hiyo si ya ajabu pwani.

Akipima kipimo cha jumla, kile kinachosoma kromosomu zote zilizochanganyika, atapata sehemu iliyo karibu na robo yenye jina la Uarabuni, sehemu kubwa yenye jina la Afrika Mashariki ambamo bibi zake wote wawili watakuwa wamemezwa pamoja, na upande wa Mngazija utagawanyika: sehemu kubwa itaingia Afrika, nyingine itaungana na Uarabuni, na pengine kitabaki kipande kidogo cha Asia ya Kusini-Mashariki, kwa kuwa tafiti za Visiwa vya Komoro zimethibitisha mchango wa mabaharia waliotoka huko. Kipande hicho kidogo ndicho kitakachozua mjadala mezani, na pia ndicho ambacho kampuni moja inaweza kukionyesha na nyingine isikione kabisa.

Akipima kromosomu Y, ambayo mwanamume huipokea kwa baba yake tu, atamwona babu wa Shihr peke yake. Akipima mitokondria, ambayo kila mtu huipokea kwa mama yake tu, atamwona bibi Mbondei peke yake. Bibi Mdigo na babu Mngazija hawatatokea katika vipimo hivyo viwili hata kidogo, ingawa kila mmoja wao amechangia takriban robo ya vinasaba vyake. Kadiri mtu anavyorudi nyuma ndivyo kasoro hii inavyoongezeka: katika kizazi cha tano ana mababu 32, na njia hizo mbili zinamwonyesha 2 tu.

Kipimo cha jumla nacho kina mpaka wake. Mtu hupokea nusu ya vinasaba vya kila mzazi, lakini nusu ipi ni bahati, na baada ya vizazi 7 au 8 inawezekana kabisa asiwe na chembe yoyote ya babu fulani ambaye ni babu yake kwa haki. Ndiyo sababu kaka na dada wa baba mmoja na mama mmoja hupata asilimia zinazotofautiana bila yeyote kati yao kuwa ameonewa na maabara.

Nasaba ya kiumeni na nasaba ya kikeni

Utafiti mkubwa zaidi wa vinasaba vya kale vya pwani yetu ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, na miongoni mwa walioongoza ni mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na mwanajenetiki David Reich. Watafiti walisoma mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wakiwemo wa Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Katika wengi wao zaidi ya nusu ya vinasaba ilikuwa ya Kiafrika na ilipitia zaidi kwa wanawake. Sehemu iliyosalia ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wenye asili ya Uajemi, pamoja na mchango mdogo wa India. Mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000, na baada ya mwaka 1500 asili ya Uarabuni ikaongezeka. Kwa wale waliozoea kuicheka simulizi ya Washirazi wa Kilwa, kwamba walitoka Uajemi, kuwa ni hadithi ya kujikweza, matokeo haya ni sababu ya kuisoma upya. Kwa wale waliojiona kuwa si Waafrika, ni sababu ya kunyamaza kidogo.

Hata hivyo utafiti huo unazungumzia miji, si ukoo wa mtu mmoja. Mzee wa leo anayejiita Mshirazi hawezi kuutaja kuwa ushahidi wa babu yake fulani, na akitaka uthibitisho wa njia ya kiumeni, kipimo kinachofaa ni cha kromosomu Y kilicho kamili. FamilyTreeDNA huuza kiitwacho Big Y-700, ambacho hugharimu mamia ya dola na huhesabu mabadiliko yanayotokea, kwa wastani, mara moja katika kila miaka 80 hivi. Uzuri wake unaonekana pale koo mbili zinapodai babu mmoja. Mwanamume mmoja kutoka kila ukoo akipimwa, jibu la kama njia zao za kiumeni zinakutana, na takriban lini, ni la kuaminika sana. Ila halitaji jina la babu huyo. Kwa familia za masharifu, wanaojinasibisha na Mtume Muhammad, hili ni muhimu kulielewa: kundi la kromosomu Y liitwalo J1, ambalo wengi hukimbilia kulitaja, limeenea kwa Waarabu wengi wasiodai usharifu wowote, na kinachounganisha mtu wa leo na karne ya 7 bado ni silsila, yaani mnyororo wa majina ya mababu, iliyoandikwa na kushuhudiwa.

Upande wa mama, kipimo cha mitokondria hufichua kile ambacho nasaba zetu za maandishi ziliacha. Tuwatazame watoto wawili wa Seyyid Said bin Sultan wa Zanzibar. Barghash, aliyekuja kuwa Sultani mwaka 1870, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, mama yake alikuwa suria wa Kisirkasi kutoka Kaukazi. Katika shajara, yaani mti wa nasaba ulioandikwa, wote wawili ni Al Busaid na hakuna la kuongeza, kwa kuwa mtoto wa suria ni huru na hufuata nasaba ya baba. Kama wangepimwa mitokondria, mmoja angeelekezwa Uhabeshi na mwingine Kaukazi, na hakuna jibu lolote kati ya hayo lingekuwa kosa. Familia nyingi za pwani zisizokuwa za kifalme zina bibi wa namna hiyo aliyeletwa kutoka Nyasa au Manyema, ambaye jina lake la awali halikuandikwa popote. Mitokondria inaweza kuonyesha kwamba alikuwepo. Haiwezi kusema alitoka kijiji gani.

Kampuni ya Kimarekani ya African Ancestry, iliyoanzishwa mwaka 2003, huenda mbali zaidi na kumtajia mteja nchi na kabila la leo kwa kutumia njia hizi mbili. Hapo tahadhari inahitajika. Mwaka 2006 utafiti uliolinganisha mitokondria za Wamarekani Weusi na za makabila ya Afrika ulionyesha kwamba chini ya asilimia 10 zililingana na kabila moja tu. Zaidi ya nusu zililingana na makabila mengi kwa wakati mmoja. Kwa mtu ambaye utumwa ulimkatia kila njia nyingine ya kujua, naelewa kwa nini jina moja linathaminiwa kuliko orodha ya majina 9. Kwa mwenye shangazi Pangani anayeweza kuulizwa, sioni sababu ya kulipa gharama hiyo.

Kutafuta ndugu: hapa kipimo kina nguvu

Swali likiwa ni kama fulani ni ndugu yangu wa damu, vipimo vya jumla vinategemewa sana. Ukaribu hupimwa kwa sentimogani, kizio cha urefu wa vipande vya vinasaba ambavyo watu wawili hushirikiana. Mzazi na mtoto hushirikiana 3,400 na zaidi, ndugu wa baba na mama mmoja 2,600 hivi, ndugu wa baba tofauti au mama tofauti 1,750 hivi, mabinamu wa kwanza, yaani wanaochangia babu na bibi, karibu 870. Mabinamu wa pili, wanaochangia wazazi wa babu au bibi, karibu wote hutambuliwa. Kwa mabinamu wa nne ni kama nusu tu.

Jambo moja ambalo maelezo ya kampuni hayalipi uzito wa kutosha linatugusa sisi moja kwa moja, nalo ni ndoa za ndani ya ukoo. Kaka wawili wakiwaoa dada wawili, watoto wao ni mabinamu mara mbili na hushirikiana sentimogani 1,750 hivi, kiwango kilekile cha ndugu waliochangia mzazi mmoja. Skrini ya simu inaweza kuandika "ndugu wa kambo" bila kusita. Ni rahisi kuwazia nini kinaweza kutokea katika nyumba ambamo binti aliyelelewa na ami yake anasoma neno hilo usiku, peke yake, kabla ya kumuuliza mtu yeyote. Katika koo za Kihadhrami, za Kiomani, za Kibaluchi na za Kingazija ambamo watoto wa ami wameoana kwa vizazi vitano au sita, karibu kila jamaa atatokea kuwa wa karibu zaidi kuliko alivyo, na namba hizo zinapaswa kusomwa pamoja na shajara ya ukoo iliyoandikwa kabla ya majibu kufika.

Kuhusu kampuni, kinachoamua ni hazina ya wateja. Ancestry ina zaidi ya watu milioni 25, lakini wengi wao ni Wamarekani, na haipokei mafaili ya vipimo kutoka kampuni nyingine. Mkazi wa Mombasa anayetarajia kuwakuta humo jamaa zake wa Lamu atasubiri sana. Njia yenye tija ni kuwapima watu wawili au watatu wanaohusika na swali, wote katika kampuni moja.

Ikiwa swali ni la uzazi halisi, kwa ajili ya mirathi au matunzo ya mtoto, kifaa cha nyumbani hakifai hata kama namba zake ni sahihi, kwa sababu hakuna aliyeshuhudia nani alitema mate ndani ya kichupa. Tanzania kipimo hicho hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Na kwa Waislamu, Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu) huko Makka liliamua mwaka 2002 kwamba alama ya vinasaba haitumiki kukanusha nasaba iliyokwisha thibiti wala haitangulizwi mbele ya liani, yaani kiapo cha laana kati ya mume na mke pale mume anapomkana mtoto. Familia inayofuata uamuzi huo ijue mapema kwamba jibu la maabara na hukumu ya kadhi vinaweza kwenda njia mbili.

Wazee na madaftari

Nasaba ya mdomo ina makosa yake yanayojulikana. Huruka vizazi, humwondoa bibi aliyekuwa mtumwa, humpa ukoo babu mkubwa kuliko aliyekuwepo, na huweza kumwita mtoto wa ami kaka hadi mjukuu asijue tofauti. Lakini ina mambo ambayo hakuna maabara itakayoyaona: ndugu wa kunyonya, ambao hawaruhusiwi kuoana ingawa hawana damu moja, mtoto wa kulea, mke wa pili aliyekufa bila mtoto, sababu ya ukoo kuhama Pemba kwenda Vanga. Maswali yanayozaa majibu bora si yale ya kabila. Muulize bibi nani alizikwa wapi na nani aliyemuosha, nani alirithi shamba la minazi na nani alilalamika, nani alimwoza mama yake. Watu husahau tarehe lakini hawasahau ugomvi wa mirathi.

Karatasi zipo pia. Nyaraka za Taifa Zanzibar zina kumbukumbu za watumwa walioachwa huru. Mahakama za kadhi zina mirathi, ndoa na talaka. Misheni ya Bagamoyo iliyoanzishwa mwaka 1868 na ile ya Frere Town ya mwaka 1875, karibu na Mombasa, zilipokea watu waliokombolewa, na rejesta za ubatizo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa wazao wao. Ukurasa mmoja wa aina hiyo, wenye jina la mtu, la mama yake na la mahali alikotekwa, una thamani kuliko ramani yoyote ya rangi, kwa maoni yangu.

Gharama isiyoandikwa kwenye kisanduku

Bei ya orodha ya AncestryDNA nchini Marekani imekuwa dola 99 kwa muda mrefu, bila usafirishaji, na si kila kampuni hupeleka vifaa Afrika Mashariki. Ufaransa, waliko Wangazija na Wakongo wengi, kupima DNA kwa udadisi wa asili ni kosa lenye faini ya yuro 3,750. Kenya imeviweka vinasaba katika taarifa nyeti kwa sheria ya mwaka 2019, lakini mate yakishavuka bahari, sheria hiyo haina mkono mrefu.

Mifano ya hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 2018 iligundulika kwamba anwani za barua pepe milioni 92 za wateja wa MyHeritage zilikuwa zimevuja, ingawa si vinasaba. Mwaka huohuo polisi wa California walimkamata muuaji wa miaka ya 1970 na 1980 kupitia jamaa zake wa mbali waliokuwa GEDmatch, tovuti ambamo watu hupakia wenyewe mafaili yao ya vinasaba, na mwaka 2019 ikajulikana kwamba FamilyTreeDNA ilikuwa ikiwaruhusu FBI kutumia hazina yake. Mwaka 2023 wadukuzi walichukua taarifa za watu milioni 6.9 wa 23andMe. Machi 2025 Mwanasheria Mkuu wa California aliwashauri wateja wa kampuni hiyo wafute taarifa zao, kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi, kisha ikauzwa kwa dola milioni 305 kwa taasisi inayoongozwa na mwanzilishi wake, Anne Wojcicki. Anayeamua kupima na apakue faili lake ghafi mara majibu yanapofika, aagize sampuli iharibiwe, azime ulinganishaji wa ndugu kama hautafuti, na asitumie neno la siri analotumia kwingine.

Na ikiwa fedha inatosha kifaa kimoja tu, apimwe mtu mzee kuliko wote katika upande unaoulizwa, kwa ridhaa yake na baada ya kuelezwa kwa lugha yake kwamba majibu yanaweza kuwagusa watoto wake. Bibi ana vinasaba vyake vyote. Mjukuu amebaki na robo. Mjukuu anaweza kupima mwaka kesho.